Ramani iliyopinda si lazima ifutwe na mahakama

Wengi wanaofuatilia siasa za Marekani huamini kwamba eneo la uchaguzi lenye umbo la ajabu ni ushahidi tosha wa hila, na kwamba mahakama italifuta tu. Imani hiyo inaeleweka: neno lenyewe la Kiingereza la kuchora mipaka ya maeneo kwa hila ili kukipendelea chama, "gerrymander", lilizaliwa Massachusetts mwaka 1812, pale eneo moja lilipofananishwa na mjusi.

Lakini umbo hudanganya. Chukua wapiga kura 50 katika maeneo 5 ya watu kumi kumi. Chama chenye wafuasi 20 tu kinaweza kushinda maeneo 3, sita katika kila moja, hata kwa mistari iliyonyooka kama rula. Kwa upande mwingine, mto au mwambao unaweza kupindisha mpaka bila nia mbaya.

Mahakama nazo hutazama mambo tofauti. Tangu 1964 zinadai maeneo yawe na idadi ya watu inayokaribiana. Kuwagawa watu kwa rangi hupingwa katika mahakama za shirikisho. Upendeleo wa chama, hapana: mwaka 2019 mahakama ya juu kabisa ilisema hilo si suala la majaji wa shirikisho. Mahakama za majimbo bado zinaweza kuliamua kwa katiba zao, na baadhi zimefanya hivyo.

Kwa hiyo ukisikia ramani imepingwa, uliza kwanza: mahakama ipi, kwa katiba ipi? Kisha linganisha asilimia ya kura na ya viti katika chaguzi kadhaa. Uchaguzi mmoja hautoshi.