Kabla ya kupanga chumba Mombasa, uliza ardhi ni ya nani

Mtu akija kwangu kutafuta chumba Majengo, Kisauni au Likoni, maswali yake nayajua kabla hajafungua kinywa. Maji ni ya mfereji au ya kisima? Stima ni ya tokeni au mnagawana bili? Choo mnatumia wangapi? Yote ni maswali ya maana, na la maji ndilo la kwanza, kwa sababu visima vingi vya hapa hutoa maji ya chumvi na ya kunywa hununuliwa kwa mtungi. Lakini mimi ninayesimamia nyumba za kupangisha ningependa kila mpangaji aongeze jingine, ambalo wachache sana huliuliza: nyumba hii ni ya nani, na ardhi iliyo chini yake ni ya nani?

Mgeni aliyetoka bara huona nimemuuliza jambo moja mara mbili. Kwao mwenye shamba ndiye mwenye nyumba, basi. Sheria ya Kiingereza nayo inasema hivyo hivyo: kilichojengwa juu ya ardhi kimekuwa ardhi. Pwani tuna utaratibu wetu, uliotokana na mila na sheria ya Kiislamu, wa mtu kumiliki kuta, paa na milango juu ya kiwanja cha mwingine. Tunaiita nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja kila mwezi, naye hupangisha vyumba kwa jina lake mwenyewe. Mahakama za Kenya zinautambua utaratibu huo, na nyumba kama hizo huuzwa, hurithiwa na hupangishwa mchana kweupe.

Chanzo chake ni kirefu. Ukanda wa maili 10 wa Pwani ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza walipoanza kuutawala mwaka 1895 haki zake juu yake zilitambuliwa. Mwaka 1908 ikaletwa sheria ya hati za ardhi iliyomtaka kila anayedai ardhi ajitokeze aidai rasmi. Wenye elimu ya mambo hayo, pesa na mashahidi walisajili. Wengi walioishi na kulima pale bila karatasi hawakusajili, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Kisha bandari na reli zikavuta wafanyakazi mjini, wote wakitaka pa kulala. Wenye hati wakakata viwanja na kuvikodisha, na waliokodi wakajenga nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko na choo. Familia ilikaa vyumba viwili na kupangisha vinne. Ndiyo maana chumba kimoja cha leo kina watu watatu juu yake: mwenye ardhi, mwenye nyumba, na wewe mpangaji.

Ukishawaona hao watatu, mambo mengi yanayowaudhi wapangaji huanza kueleweka. Chukua suala la ukarabati. Wapangaji wa nyumba hizi hulalamika kwamba mwenye nyumba ni mchoyo: bati limeoza kwa chumvi ya bahari na hataki kulibadilisha, choo ni kile kile cha tangu zamani, ukuta wa udongo unabanduka na anaupaka chokaa tu. Wachoyo wapo, sikatai. Ila mara nyingi mikono yake imefungwa. Wenye ardhi wengi tangu zamani waliruhusu nyumba za miti na udongo pekee, kwa sababu nyumba ya mawe ni vigumu kuiondoa. Anayetaka kujenga kwa matofali, kuongeza chumba au kuchimba choo kipya anatakiwa kwanza kuomba ruhusa, na ruhusa hiyo aghalabu hulipiwa. Mwenye nyumba anayejua kwamba anaweza kuambiwa aondoke hatatia laki tatu kwenye ukuta. Mpangaji anayeelewa hilo hujua la kudai na la kuacha. Paa linalovuja, mlango usiofungwa na waya wa stima ulio wazi ni wajibu wa mwenye nyumba, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka anayepangisha makao ayaweke katika hali ya kukalika. Choo kipya cha kisasa kinahitaji mwenye ardhi naye akubali, kwa hiyo usihamie kwa ahadi ya choo. Hamia kwa choo unachokiona.

Sasa niseme ninavyokagua. Sianzii vyumbani. Naomba kitabu cha risiti za kiwanja. Mama mmoja wa Majengo nilipomwomba alikitoa ndani ya mkebe wa biskuti, kimefungwa kwa kitambaa, risiti zimepangwa mwezi kwa mwezi. Juu ya kila moja kuna namba ya ploti, jina la aliyelipa na sahihi ya mpokeaji. Nikafunua hadi mwisho, nikaona zimekatika miezi mingi nyuma.

"Mama, hizi za karibuni ziko wapi?"

"Mwanangu, alokuwa akipokea ni mzee. Tangu afe, wanawe hawapokei. Nikenda waniambia nisubiri."

Hapo ndipo nilipofunga kalamu kwanza. Mwenye ardhi kukataa kodi ya kiwanja ni dalili ninayoiogopa kuliko ufa wa ukuta. Mara nyingi maana yake ni kwamba warithi wanataka kuuza, au mnunuzi keshapatikana, na hawataki risiti mpya itakayoonyesha kwamba bado wanamtambua mwenye nyumba. Wapo wanaokataa leo ili kesho waseme huyu hakulipa. Mama huyo nilimshauri asikae na pesa nyumbani: azitume kila mwezi kwa njia inayoacha alama, M-Pesa au benki, na zikirudishwa ahifadhi ujumbe wa kurudishwa, kisha wakili awaandikie warithi barua kwamba kodi ipo na iko tayari. Kwa mpangaji wa chumba, risiti zilizokatika hazina maana ya kukimbia. Zina maana kwamba usilipe kodi ya miezi sita mbele, na usitie vigae kwa pesa yako.

Baada ya risiti naangalia ploti yenyewe kwenye usajili wa ardhi. Namba zetu zina mtindo wake: za bara ya kaskazini, yaani Kisauni, Nyali, Bamburi na kuendelea, zimeandikwa MN (Mainland North) na sehemu yake kwa namba za Kirumi, za kusini, upande wa Likoni, ni MS (Mainland South), za kisiwani nyingi huenda kwa bloku. Usajili utakuonyesha jina la mwenye hati, na kama kuna benki inayoidai au zuio la mahakama. Mwenye nyumba bila ardhi hutamwona humo, na hilo lisikushtue. Ushahidi wake ni mkataba wa kununua nyumba, risiti za kiwanja na majirani. Kinachonishtua ni jina la kwenye risiti kutofautiana na la kwenye hati bila maelezo yoyote.

Ukikuta ardhi ni ya wakfu, yaani iliyotengwa kwa kudumu kwa msingi wa dini ya Kiislamu, hali ni nyingine. Ardhi ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi, kwa hiyo hofu ya mnunuzi wa ghafla hupungua sana. Kodi ya kiwanja huenda kwa msimamizi wa wakfu au kwa Tume ya Wakfu, na ruhusa ya ujenzi hutoka huko huko.

Notisi ndizo zinazowaliza watu, kwa hivyo hapa nitakaa kidogo. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi, hata asiye na mkataba wa maandishi, ana haki ya notisi isiyopungua mwezi 1, inayoisha siku ya kulipa kodi. Kuambiwa "toka Ijumaa" si notisi. Chumba chenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na vyumba vya bei hiyo bado vimo katika nyumba za Kiswahili, kinalindwa zaidi na sheria ya udhibiti wa kodi, Sura ya 296: kumpandishia kodi au kumtoa mpangaji wake kunapitia baraza la kodi. Hayo yote ni kati yako na mwenye nyumba. Notisi ya mwenye ardhi kwa mwenye nyumba ni jambo jingine. Haikutaji jina, lakini ndiyo inayokutoa. Sheria ya Ardhi, katika sehemu zilizoongezwa mwaka 2016, inamtaka mwenye ardhi binafsi anayetaka kumwondoa mtu anayemwona anakaa bila haki atoe notisi ya maandishi ya miezi 3 kabla, na anayepewa anaweza kwenda mahakamani kuomba isitekelezwe au ibadilishwe. Mwenye nyumba anayeijua haki hiyo atakimbilia kwa wakili wiki ya kwanza. Asiyeijua ataificha notisi chini ya godoro na kuendelea kukusanya kodi kwenu mpaka tingatinga lifike. Nimewaona wa aina zote mbili.

Kwa sababu hiyo, mikataba yangu ya vyumba ina kifungu ambacho sikubali kitolewe. Kinamtaka mwenye nyumba amjulishe mpangaji kwa maandishi ndani ya siku 7 akipata barua yoyote ya mwenye ardhi inayogusa kuondoka, na nyumba ikivunjwa au ikiuzwa, dipoziti irudi nzima bila kukatwa rangi wala usafi. Wenye nyumba wengine hununa. Huwaambia kwamba mpangaji aliyejulishwa mapema huhama kwa amani na kulipa mwezi wake wa mwisho, na aliyefichwa hukaa bure na kukushtaki. Dai la dipoziti ni dai la pesa, na la chini ya shilingi 1,000,000 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60.

Kuna siku pia atabisha hodi mtu usiyemjua, ameshika nakala ya hati, aseme kuanzia mwezi huu kodi ya chumba mletee yeye. Usimlipe, na usimtukane. Wewe umepanga kwa mwenye nyumba. Mwenye hati ya ardhi hana mkataba nawe mpaka mwenye nyumba aandike kwamba amemuuzia nyumba, au mahakama iamue. Mwambie alete barua yenye sahihi za pande zote mbili. Mwenye nyumba akifariki ni vivyo hivyo: kaka anataka kodi ya vyumba vya kulia, dada anasema msimlipe. Kwa familia za Kiislamu mirathi hiyo kwa kawaida huishia kwa Kadhi, na mpaka amri itoke, waombe warithi wote watie sahihi karatasi moja inayotaja akaunti moja. Wakikataa, weka kodi yako kando kila mwezi ikiwa kamili, uwaandikie kwamba ipo. Kosa kubwa hapa ni kuitumia ukidhani ugomvi wao umekufutia deni.

Kwa wenye nyumba wanaosoma hapa, neno moja la ushuru. Vyumba 6 kwa shilingi 4,000 kila kimoja ni 24,000 kwa mwezi, yaani 288,000 kwa mwaka, na hapo ndipo ulipo mstari wa ushuru wa mapato ya kodi ya nyumba. Ukipandisha hadi 4,500 unapata 27,000 kwa mwezi, umevuka, na unadaiwa asilimia 7.5, yaani shilingi 2,025, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kwisha. Ushuru huo hutozwa kwenye kodi yote uliyopokea. Kodi ya kiwanja unayompa mwenye ardhi haipunguzwi, wala bati ulilonunua. Anayelipa kodi kubwa ya kiwanja afanye hesabu ya njia ya pili, ya kulipa ushuru wa kawaida wa mwaka, ambayo inaruhusu gharama zitolewe kwanza. Lazima uiombe mamlaka ya ushuru kwa maandishi, na bila kitabu cha risiti huna cha kuonyesha.