Lifti kiti ni nini hasa, na kwa nini springi peke yake haitoshi

Kwanza kabisa, hicho kiti sio cha kukalia. Lifti kiti ni seti ya vipuri vinavyofungwa pamoja ili pikapu ikae juu kuliko ilivyotoka kiwandani: springi, shokapu, bushi (zile raba za kwenye maungio), yubolti (bolti zenye umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), na kwa baadhi ya gari hata ami mpya za mbele (mikono ya chuma inayoshika tairi). Neno la kushika hapo ni "pamoja", maana huku kwetu Mtwara mtu akikwambia ameinyanyua gari yake, mara nyingi kanunua kipande kimoja, kakipachika, na vile vingine kaviacha vijitafutie maisha vyenyewe.

Hamu inakotoka naielewa. Korosho zinaanza kutoka Oktoba, mvua zinaingia kama Desemba, na ukishaacha lami kuelekea vijiji vya Tandahimba unakutana na mchanga wa uwanda wa Makonde, au uende Liwale masika uone tope linavyoshika tumbo la gari mpaka tairi zinazunguka hewani, na Msimbati kule ufukweni ndio usiseme. Kwa hiyo mtu anataka gari iende juu, basi.

Ila juu ipi? Hapa ndio wengi tunapigwa. Springi ndefu zinanyanyua chesesi (fremu ya chuma ya gari) na bodi, hazinyanyui difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Ile difu inakaa kwenye ekseli, ekseli inakaa kwenye tairi, kwa hiyo hata uweke springi ndefu kama mnazi difu itabaki pale pale na kisiki kitaikuta pale pale. Kinachoinyanyua ni tairi kubwa, na hata hiyo inakupa nusu tu ya ulichoongeza: ukitoka tairi ya saizi 265/70R16 ukaenda 265/75R16 tairi inakuwa refu kwa milimita 26 hivi, difu inapanda 13. Faida ya springi ni kupata nafasi ya hiyo tairi kubwa isisage fenda, tumbo lisikwaruze, na pua ya gari isichimbe korongo. Difu ya mbele kwenye Hilux kama Vigo (toleo lililokuja katikati ya miaka ya 2000) ni habari nyingine, imefungwa kwenye chesesi, kwa hiyo yenyewe inapanda nayo.

(Kuna wanaoweka vipande kati ya bodi na chesesi, bodi inapanda peke yake. Inasaidia tairi isiguse, zaidi ya hapo ni urembo.)

Sasa kipimo. Kwa pikapu yenye koili springi mbele na kila tairi inacheza peke yake, milimita 40 mpaka 50 ndio pa kuishia kama hutaki kubadili nusu ya gari. Ukizidi hapo sivii jointi (maungio ya shafti zinazozungusha tairi za mbele) zinakaa kwa pembe kali, mipira yake inachanika, mchanga unaingia, na boljointi ya juu (kiungo kati ya ami na tairi) inafika mwisho wake kila tairi ikining'inia, ndipo unapoambiwa ununue ami mpya za juu. Kuna njia ya bei chee, ile spesa ya chuma inayokaa juu ya shokapu. Usidanganywe na wembamba wake, ya milimita 25 inanyanyua gari karibu 50 kwa sababu shokapu imeshika katikati ya ami, sio kwenye tairi. Spesa haigusi springi wala haiongezi nafasi ya tairi kupanda na kushuka, inaisukuma tu ishuke chini zaidi ya ilivyopangwa, na ukikanyaga shimo kubwa shokapu inaweza kugonga mwisho kabla ya ile raba ya kuzuia haijafanya kazi. Zile Hilux za kabla ya Vigo zenye tosheni baa (fimbo ya chuma inayojipinda, inafanya kazi ya springi) ni hivyo hivyo, fundi anakaza bolti, gari inapanda, unashangilia, halafu inarukaruka kama mbuzi kwa sababu nafasi ya tairi kushuka umeimaliza yote.

Kuchagua springi yenyewe watu wanaanza na swali baya, inchi ngapi. Swali ni kilo ngapi, njomba. Watengenezaji wanaojua kazi, kwa mfano Old Man Emu wa Australia, springi za urefu unaokaribiana wanazitoa za uzito tofauti: mbele wanauliza kama una ngao ya chuma, kama una winchi ya kujivutia kwenye tope, nyuma wanauliza unabeba nini kila siku, sio siku moja ya mavuno. Ukiweka nyuma springi ya kubeba kilo 500 muda wote halafu miezi nane gari inatembea tupu, itakutikisa meno, na kwenye kokoto za barabara ya vumbi nyuma inachezacheza, tairi haishiki vizuri chini. Ukiweka laini ukapakia magunia, mkia unakaa chini na taa zinamulika minazi. Na jamani, springi ngumu haiongezi uzito ambao gari imeruhusiwa kubeba. Chesesi, breki na ekseli ni vile vile.

Shokapu lazima iendane na urefu mpya. Ukiacha ya zamani, gari ikining'inia yenyewe ndio inakuwa kamba ya kuzuia ekseli isishuke, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo, inang'oka.

Nyuma, kwenye zile springi za mabapa, kuna wanaoweka bloku (kipande cha chuma) kati ya springi na ekseli. Bloku moja fupi ya kiwandani inavumilika, ila kupanga mbili juu ya nyingine hapana, na mbele kwenye ekseli yenye usukani usithubutu kabisa. Afadhali springi mpya na yubolti mpya, maana yubolti ikishakazwa inavutika na haifai kurudishwa.

Kitu kinachosahaulika kuliko vyote ni breki. Mjomba wangu aliinyanyua Hilux yake ya zamani nyuma tu, ibebe korosho bila kukaa chini, gereji ikafunga springi ndefu wakampa funguo. Akashuka mteremko wa Newala na mzigo, katikati ya kona breki za mbele zinanuka, kanyagio limekuwa laini, akamalizia kwa gia ya kwanza jasho linamtoka. Kumbe chini ya pikapu nyingi kuna valvu yenye fimbo iliyofungwa kwenye ekseli ya nyuma. Mzigo ukiwa mkubwa chesesi inashuka, fimbo inasukuma valvu, breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Ukinyanyua gari, ile valvu inadhani hamna mzigo, inapunguza nguvu ya nyuma, kazi yote inaenda mbele. Dawa yake ni kibano kidogo cha kuirudisha ile fimbo kwenye mkao wake wa zamani, kazi ya saa moja. Hapo hapo angalia na hozipaipu za breki, usukani ukikata mpaka mwisho na tairi ikining'inia zisivutike.

Vipuri vingi inabidi viagizwe Dar, vinakuja na basi kilomita kama 560, kwa hiyo andika modeli, mwaka na uzito wa vitu ulivyofunga kabla hujampigia muuzaji, kurudisha springi ni usumbufu. Gari ikitoka gereji nenda wili alaimenti (kupima na kunyoosha tairi) siku hiyo hiyo, maana usukani utakuwa mwepesi na hautaki kurudi wenyewe. Kona zipunguze mwendo, gari iliyonyanyuliwa inapinduka mapema. Shusha taa, wenye bodaboda barabara ya Mikindani watakushukuru. Tembea kilomita 500, halafu rudi kwa fundi akaze yubolti zote upya, hata kama hakuna kinachogonga.