Je, Wajua Jinsi Kompyuta Inavyochuja Orodha Moja kwa Kuilinganisha na Nyingine?

Tuseme chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa zabibu huko Hombolo, Dodoma, kina wanachama 380 ambao majina yao yamekwisha kuingizwa kwenye kompyuta, na kuna orodha ya pili ya watu 291 waliolipa ada ya mwaka. Katibu anatakiwa kuwapata wasiolipa ili awakumbushe kabla ya mkutano mkuu. Akikaa na rula na kalamu nyekundu, akipitia jina baada ya jina, siku itakwisha na bado ataruka watu. Lahajedwali, yaani programu ya majedwali kama Excel, huimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache. Inajuaje nani yumo na nani hayumo?

Kompyuta haizitazami orodha mbili kwa pamoja. Huchukua seli moja, yaani kisanduku kimoja, ya orodha ya kwanza, huipeleka kwenye orodha ya pili na kuuliza: hiki kimo mara ngapi? Katika Excel na Google Sheets, swali hilo huulizwa kwa fomula ya COUNTIF. Ikiwa kinacholinganishwa kiko safu B na laha ya pili, yenye orodha ya waliolipa, inaitwa Malipo, katibu huandika kwenye safu tupu, mbele ya mwanachama wa kwanza:

=COUNTIF(Malipo!B:B,B2)

Kisha huiburuta fomula hiyo hadi mstari wa mwisho. Safu itajaa 0 na 1, na pengine 2 kwa mtu aliyeandikwa mara mbili, jambo ambalo mweka hazina hana budi kulifuatilia. Akiweka kichujio na kubakiza 0 peke yake, mbele yake watabaki wasiolipa. Kwa wenye Excel ya 2021 au Google Sheets, FILTER hutoa orodha hiyo kwa hatua moja:

=FILTER(A2:C381,COUNTIF(Malipo!B:B,B2:B381)=0)

Fomula ni kazi ndogo kuliko zote. Kazi kubwa ni kuamua kinacholinganishwa, na hapo ndipo nimeona watu wengi wakikwama. Jina la mtu halifai. Mazengo na Matonya ni majina ya watu wengi katika Ugogo, na mtu mmoja anaweza kuandikwa Mohamed kwenye daftari na Muhamedi kwenye stakabadhi. Kompyuta haijali herufi kubwa na ndogo katika ulinganisho huu, lakini nafasi moja tupu iliyoachwa mwishoni mwa jina, ambayo jicho haliioni kabisa, inatosha kuifanya iseme hayumo.

Namba ya simu ni afadhali, ila nayo huandikwa kwa sura nyingi: mmoja ameanza na 0754, mwingine na +255754, na wa tatu ameanza na 754 kwa sababu Excel ilidhani ni hesabu, ikaitupa sifuri ya mwanzo. Namba zetu zote za mkononi zina tarakimu tisa baada ya hiyo sifuri, kwa hiyo dawa ni kuziondoa nafasi na kuchukua tisa za mwisho, kwa kuandika katika laha zote mbili:

=RIGHT(SUBSTITUTE(B2," ",""),9)

Kisha linganisha safu hizo mpya, wala si zile za awali.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ndiyo inayomtenganisha kila mtu na mwenzake, lakini ina mtego wake, na naomba msomaji autazame kwa makini. Namba hiyo ina tarakimu 20, nane za kwanza zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote, hivyo ukiiandika bila vistari kwenye seli ya kawaida, tano za mwisho hugeuka kuwa sifuri na haziwezi kurudishwa. Kwa sababu hiyo watu huibadilisha safu iwe ya maandishi kabla ya kuanza kuingiza, na hufanya vema. Hata hivyo COUNTIF, inapokutana na maandishi yenye tarakimu tupu, huyageuza kuwa namba kabla ya kulinganisha, na kile kikomo cha 15 hurudi kimyakimya.

Wafikirie mapacha walioandikishwa eneo moja, ambao namba zao zinaweza kufanana hadi tarakimu ya 15 na zaidi. Mmoja amelipa, mwenzake hajalipa, na COUNTIF inaweka 1 mbele ya wote wawili, kwa hiyo yule wa pili hapigiwi simu na katibu. Ukiacha vistari ndani ya namba katika orodha zote mbili, kosa hilo halitokei, kwa kuwa maandishi yenye vistari hivyo hayageuki kuwa namba. Njia nyingine ni kutumia MATCH, ambayo hulinganisha maandishi kama yalivyo, herufi kwa herufi:

=MATCH(B2,Malipo!B:B,0)

Ile 0 ya mwisho isisahaulike; bila hiyo, Excel huichukulia orodha kuwa imepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa na hutoa jibu la kukaribia. Ikiwepo, pacha aliyelipa atapata namba ya mstari wake kwenye Malipo, na ndugu yake atapata #N/A, yaani hayumo, naye ataingia katika orodha ya watakaokumbushwa.