Je, wajua kwa nini mwanamke mhamiaji wa riwayani mara nyingi aliwahi kuwa na dada wa kazi?

Asubuhi pale stendi ya Nanenane, Dodoma, hukosi kumwona binti wa Kongwa au Mpwapwa akipanda basi la Dar na begi moja, kaitwa kazi za ndani. Naye ni mhamiaji. Lakini fungua riwaya zinazosifika za wanawake wa Kiafrika waliohamia Ulaya na Marekani: binti huyo si mhusika mkuu. Mhusika mkuu ni bosi wake. Kwa nini?

Kwanza, nauli. Ya Dar bosi anaweza kuituma kwa simu. Ya London inataka pasipoti, viza, tiketi ya ndege, pengine na ada ya chuo, na hohehahe hana. Anayefika ni aliyekuwa nacho kwao, ndiyo maana hadithi huanzia juu na kinachosimuliwa ni kuporomoka. Katika Minaret (2005) ya Leila Aboulela, Najwa ni mtoto wa kigogo wa Khartoum, nyumba imejaa watumishi. Mapinduzi ya 1985 yanamng'oa rais aliyekuwa kinga ya cheo cha baba yake, baba ananyongwa, na miaka baadaye Najwa yuko London analea mtoto wa mwanamke tajiri na kumfanyia usafi. Beki tatu sasa ni yeye.

Si lazima serikali ipinduliwe. Vyeti visivyotambulika vinatosha. Uju wa Americanah (2013) ya Chimamanda Ngozi Adichie ni daktari kamili Nigeria, lakini Marekani inambidi afanye mitihani upya huku akihangaika na vibarua.

Ila fedha peke yake haielezi yote, na hapa ndipo mwandishi wa Nigeria, Buchi Emecheta, anapowazidi wengi. Katika Second-Class Citizen (1974), Adah ana kazi nzuri ya maktaba Lagos, na mshahara wake ndio unaomsomesha mumewe, Francis, Uingereza. Anapomfuata London, miaka ya 1960, anakuta chumba kimoja, na matangazo ya vyumba yanayosema wazi kwamba weusi hawatakiwi. Francis anamshauri aende kiwandani kama wake za wenzake. Adah anakataa, anapata tena kazi ya maktaba. Basi mleta mkate ni yeye, mzazi ni yeye, mpishi ni yeye, na bado mwenye sauti ni mume anayefeli mitihani. Akiandika kitabu chake cha kwanza, Francis anauchoma mswada. Emecheta mwenyewe alichomewa na mumewe. Akaandika upya, kikatoka 1976 kwa jina la The Bride Price.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema riwaya hizi ni za ubaguzi wa rangi tu. Aliyewasha kiberiti hakuwa Mzungu.

Na asiye na nauli kabisa? Chika Unigwe anamfuata katika On Black Sisters Street (2009). Wanawake wanne wanapelekwa Antwerp, Ubelgiji, na Dele, tajiri wa Lagos, kwa mkopo wanaoulipa kwa kuuza miili. Mmoja wao, aitwaye Sisi, ana digrii aliyoihangaikia bila kupata ajira, Efe ana mtoto wa kulea, na Dele hajali nani alisoma: kila mwezi anataka chake.