Masikio Mawili ya Mashine katika Vichochoro vya Lamu

Mtu anayeelekea Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, akisikia "Simile!" kutoka kichochoro cha pembeni, hujua mara moja ni mkono upi, akabana ukutani kabla hajamwona punda aliyebeba mchanga kwenye shogi. Anaongozwa na tofauti ndogo mno ya wakati sauti inapoyafikia masikio yake mawili, na ndiyo hiyo hiyo tunayoifundisha mashine iitafute kwa maikrofoni mbili tu, zilizopachikwa kwenye masikio ya kichwa cha bandia.

Katika joto la nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Ikitoka kulia kabisa, hulifikia sikio la kulia kwanza, kisha hukizunguka kichwa na kulifikia la kushoto baada ya milisekunde 0.7 hivi, na kwa kichwa cha kawaida pengo hilo halizidi sana hapo. Kompyuta inayochukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde huliona kama sampuli zipatazo 34. Hutelezesha rekodi ya sikio moja juu ya nyingine, kama fundi anayelinganisha pindo za leso, mpaka zioane. Kiasi kilichotelezeshwa ndicho kinachoonyesha pembe ya sauti. Kwa sauti nyembamba, kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,500 hivi, kichwa chenyewe huikinga sauti isilifikie vyema sikio la mbali, dalili ambayo mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliieleza mwaka 1907.

Panapotatiza ni mbele na nyuma, kwani sauti ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa huyafikia masikio yote mawili kwa pamoja. Kichwa kikigeuzwa kulia, ya mbele hutangulia sikio la kushoto, ya nyuma hutangulia la kulia. Mimi binafsi ningeipa roboti shingo kabla ya kuiongezea maikrofoni ya tatu.

Lakini adui mkubwa mjini hapa ni kuta za mawe ya matumbawe. Mwangwi uliozunguka mita 2 zaidi huchelewa karibu milisekunde 6, yaani zaidi ya mara nane ya pengo tunalolipima. Kwa hiyo mashine hufundishwa kuuamini mwanzo wa sauti na kuyapuuza yanayofuata kwa muda mfupi, kama ubongo wetu unavyofanya. Hata hivyo, punda akiwa bado nyuma ya kona, hakuna sauti inayokuja moja kwa moja. Ya kwanza kufika ni ile iliyopinda penye kona, basi mashine huionyesha kona, na mpita njia naye huangalia kona hiyo hiyo.