Nilidhani napima naitrojeni, kumbe napima asidi

Kuvu ninayoishughulikia maabara ni Trichoderma reesei, ambayo aina zake zinazotumika viwandani zinatokana na sampuli moja iliyopatikana Visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilipokuwa ikiozesha mahema ya pamba ya jeshi la Marekani. Kilichoyala mahema hayo ni selulasi, yaani kundi la vimeng'enya linalokatakata selulosi (kijenzi kikuu cha nyuzi za pamba) kuwa sukari, na ndiyo tunayoitaka kwa wingi.

Anayeanza hudhani kwamba kuvu iliyoshiba ndiyo itakayozalisha. Ukiipa glukosi itastawi upesi na kuujaza nyuzi mchuzi inamokuzwa, lakini selulasi utaambulia kidogo mno, kwa sababu glukosi huzizima jeni zinazoitengeneza. Nani atatwanga ilhali amepakuliwa uji? Ndiyo maana tunailisha unga wa selulosi, au laktosi, sukari ya maziwa.

Hilo nililijua mapema. Lililonipotezea muda ni naitrojeni. Nikitaka kujua chanzo kipi cha naitrojeni kinaifaa kuvu, niliandaa chupa tatu za salfeti ya amonia, tatu za urea na tatu za peptoni (protini iliyokwisha kumeng'enywa), zote zikianzia pH 5 (pH hupima uasidi: ikishuka, asidi imezidi), nikaziweka kwenye mashine ya kutikisa kwa siku 7 katika nyuzi joto 28. Kupima selulasi kwenyewe ni rahisi: kipande cha karatasi ya chujio cha sentimita 1 kwa 6 hulowekwa ndani ya kimiminika kilichochujwa, kwa saa moja, katika nyuzi 50 na pH 4.8, kisha hutiwa kitendanishi cha manjano ambacho hugeuka hudhurungi kadiri sukari inavyozidi. Sampuli za salfeti zilibaki manjano, nami nikaandika bila wasiwasi kwamba chumvi hiyo haifai.

Mwenzangu akachovya kipimo cha pH katika chupa zenyewe, kikasoma 2.6. Kuvu inapofyonza amonia huacha asidi kwenye mchuzi, na asidi ikikolea hivyo, selulasi iliyokwisha kutolewa nayo huharibika. Kwa hiyo chumvi nilikuwa nimeisingizia. Niliporudia jaribio nikirekebisha pH asubuhi na jioni, salfeti ikaipita urea.

Tangu hapo sibadilishi kigezo kimoja huku nikiamini kwamba vingine vimetulia. Naitrojeni, pH na joto navipanga pamoja katika jaribio moja, na katika daftari langu safu ya pH ya siku ya mwisho hutangulia safu ya kimeng'enya.