Kilo za Mama Kabla ya Mimba

Mjamzito akiniuliza aongeze kilo ngapi, nami humuuliza alikuwa na kilo ngapi kabla ya kushika mimba. Wengi hawajui, na hapo hesabu yetu inakwama, maana jibu linaanzia kwenye mzani wa kabla ya mimba.

Chukua kilo zako, gawa kwa urefu wako wa mita, kisha gawa tena kwa urefu huohuo. Mama wa mita 1.60 mwenye kilo 45 anapata 17.6. Yuko chini ya 18.5, yaani ana uzito pungufu, na kwa viwango vya Taasisi ya Tiba ya Marekani vya mwaka 2009 anatakiwa aongeze kilo 12.5 hadi 18. Mwenzake wa urefu uleule mwenye kilo 80 anapata 31, yaani ni mnene. Yeye kilo 5 hadi 9 zinamtosha. Mwenye uzito wa kawaida aongeze kilo 11.5 hadi 16. Hapo nazungumzia mimba ya mtoto mmoja, si pacha.

Mama mwembamba asipoongezeka vya kutosha, mtoto anaweza kuzaliwa chini ya kilo 2.5. Mtoto wa namna hiyo hana mafuta ya kumtunzia joto, hupoa upesi na maambukizi humpata kwa urahisi.

Kwa mama mnene shida mara nyingi ni sukari. Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma, lakini insulini yake, yaani homoni inayoshusha sukari, haipiti. Kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini nyingi, naye hunenepa, hasa mabegani, ndiyo maana bega linaweza kukwama wakati wa kujifungua. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma ghafla lakini insulini bado imejaa. Wageni wanampongeza mama kwa mtoto wa kilo 4 na nusu, sisi tunamchoma mtoto kisigino kupima sukari isije ikashuka. (Unene ukiandamana na shinikizo la damu, mtoto anaweza pia kuzaliwa mdogo.)

Kupunguza mwili kufanyike kabla ya mimba. Ukishabeba, usijinyime chakula. Wala usile kwa ajili ya wawili, kwani miezi mitatu ya kwanza kilo moja au mbili zinatosha.

Lakini kilo zikiruka ndani ya siku chache, uso ukavimba, kichwa kikauma au macho yakaona ukungu, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, huenda ni dalili za kifafa cha mimba.